Hereni ya Kushoto

Ya kulia niliipoteza njiani Ipagala,
upepo wa Agosti, ule usio na adabu,
uliponivua kitenge nikiwa juu ya bodaboda.
Kitenge nilikiwahi.
Hereni sikuisikia ikidondoka.

Jumamosi nikaenda mnadani Msalato,
nikapita ng'ombe, nikapita madalali na fimbo zao,
nikapita moshi wa nyama unaong'ang'ania nywele,
mpaka kwenye turubai la Sechelela,
kati ya muuza kamba za katani
na kijana anayenoa visu kwa gurudumu la baiskeli.

"Mbukwa, Mama Nyemo.
Nitengenezee pacha wake."

Akaiweka kiganjani, akaigeuza,
akaisogeza kwenye jicho lake la kulia
(la kushoto liliwahi kuingiwa na chembe ya mfupa,
tangu hapo linalia lenyewe, hata akicheka).
Hakuuliza niliipoteza wapi.
Aliuliza niliinunua lini.

"Mwaka juzi. Kabla ya mvua."

"Ahaa. Basi huyu alikuwa dume jeusi kutoka Bahi.
Mfupa wake ulinivunjia misumeno miwili.
Na hii shaba ni ya mota ya kisima
iliyoungua kule Zanka,
tukanywa maji ya lambo miezi mitatu.
Nami nilikuwa na mimba ya huyu,"
akamwonyesha mtoto anayetafuna kona ya turubai,
"vidole vimevimba. Ona waya ulivyolegea hapa.
Pacha simwezi, dada.
Ndugu yake, labda."

Nikakaa juu ya ndoo kumsubiri.

Mifupa huiokota jioni, wachoma nyama wakizima moto,
huwahiana na mbwa.
Huichemsha na majivu siku mbili,
huianika juu ya bati, hukata, hutoboa kwa keekee,
husugua kwa msasa mnene, kisha mwembamba,
kisha kwa kipande cha jinzi ya marehemu mumewe,
kisha hulaza kwenye majani ya chai yaliyokolea
hadi mfupa upate rangi ya udongo wa kwao Mvumi.
Haya aliniambia bila kuniangalia.
Waya ulikuwa unapiga kona mkononi mwake
kama mtu anayeijua njia gizani.

"Elfu kumi na mbili," akasema.
Akanyamaza. Akaendelea kusugua.

Mdomo wangu ukafunguka wenyewe:
"Ya moja tu? Si kamfupa haka na waya? Pungu..."

Neno likanikwama nusu.

Maana mimi ni fundi cherehani.
Nina kibaraza Chang'ombe, cherehani ya kukanyaga,
na magoti yanayojua idadi ya magauni ya Idi.
Kila siku naambiwa, "Fundi, si kushona tu?"
Kushona tu!
Kana kwamba uzi hutembea wenyewe,
kana kwamba umeme ukikatika usiku
mshumaa nauwasha kwa mapenzi.
Na leo sauti yao ile ile
imetoka kinywani mwangu, na meno yangu.

Sechelela hakuinua uso.
Alishaisikia mara ngapi leo, sijui.
Nikahesabu noti: kumi, moja, moja.
Akazikunja, akazitia kwenye kopo la maziwa ya unga,
akanitoboa kwa macho, lile zima na lile linalolia,
akacheka.

Nimezivaa zote mbili.
Mpya ni nyeupe kidogo, ndefu kidogo,
nikiinama kwenye sindano inagonga shavu.

Jana kaja mama mmoja wa ofisi za Mtumba,
kakanyaga vumbi kwa hasira, kitambaa mkononi.
"Fundi, mbona hereni zako hazilingani?"
"Ni ndugu," nikamjibu. "Mama yao yuko Msalato,
Jumamosi, karibu na mnoa visu."

Akaandika kwenye simu.
Kisha akauliza bei ya gauni.

Nikaitaja.
Nikanyamaza.
Nikaendelea kutia uzi kwenye sindano.